Mteja akihamishwa, simu inapita wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia kitengo cha kupokea simu za wateja. Wahudumu wangu ni 22 na tuna laini yenye chaneli 30. Kitengo cha madai chenye watu 8 kiko ofisi nyingine na kina swichibodi yake. Mhudumu wangu akimhamishia mteja huko, mteja anaanza foleni upya, anaulizwa namba ya akaunti upya, na mtu wa madai anaona namba ya kampuni badala ya namba ya mteja. Baadhi ya simu hukatika kama nusu dakika baada ya kupokelewa. Mchana wateja wanaambiwa laini zote zinatumika, nami nikihesabu wahudumu wanaoongea hawazidi 10. Fundi anasema tuongeze chaneli. Wakubwa wanasema wahudumu hawajui kuhamisha simu. Je, tununue chaneli, tubadilishe mfumo, au niwarudishe watu darasani?"

Habari njema, ndugu yangu, na pole kwa lawama zinazowaangukia wahudumu wako. Nianze na hao. Katika yote uliyoyataja, sioni hata moja linalotokana na mtu kubonyeza kitufe vibaya. Mhudumu anabonyeza mara moja, na yanayofuata yanaamuliwa na mipangilio ambayo yeye hajawahi kuonyeshwa. Na chaneli, yaani njia ambazo kila moja hubeba simu moja kwa wakati, usinunue kwanza. Ukizinunua leo, baada ya muda utajikuta umezijaza kwa namna ile ile.

Wengi wanadhani kuhamisha simu ni kuichukua simu ya mteja na kuipeleka kwingine. Kiufundi hakuna simu inayohama. Mteja alipopiga, ilifunguliwa simu moja kati ya kampuni ya simu na mfumo wenu. Mhudumu akibonyeza kitufe cha kuhamisha, mfumo unafungua simu ya pili kwenda kitengo cha madai, yenye utambulisho wake, saa yake ya kuanza na namba yake ya mpigaji. Kisha sauti za simu hizo mbili zinaunganishwa. Mteja anasikia mazungumzo yakiendelea kama kawaida, lakini kwa mashine hizo ni simu mbili mpaka dakika ya mwisho. Karibu kila kero uliyoiandika imeanzia hapo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: simu mbili zikishaunganishwa, nani amezishika katikati?

Kwa maelezo yako, ni mfumo wenu. Mteja ameingia kupitia chaneli moja, na simu ya kwenda madai imetoka kupitia chaneli nyingine ya laini ile ile, ikazunguka kwenye kampuni ya simu na kushuka kwenye swichibodi ya ofisi ya pili. Mhudumu wako ameshaweka simu chini na anampokea mteja mwingine, lakini chaneli mbili bado zimeshikwa na mazungumzo yasiyo yake. Hesabu ya mchana ndiyo hii: wahudumu 10 wanaoongea ni chaneli 10. Watu 8 wa madai wenye wateja waliohamishwa ni chaneli 16. Wakiwepo wateja 2 waliohamishwa ambao bado wanasubiri kwenye foleni ya madai, ni chaneli 4 zaidi. Jumla ni 30. Laini imejaa, na wahudumu wako 12 wamekaa bila kazi.

Ndiyo maana kuhesabu vichwa vinavyoongea hakukuonyeshi ukweli. Fundi wenu huenda alipiga hesabu ya laini kwa kanuni ya Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyechapisha fomula zake mwaka 1917, ambayo mpaka leo ni nzuri kabisa. Ila kinachoingizwa humo kinapaswa kuwa dakika za chaneli, si idadi ya wateja. Chukua mfano wa simu 60 kwa saa, kila moja dakika 5. Hizo ni dakika 300 za chaneli. Simu 20 kati ya hizo zikihamishwa nje na kuendelea dakika 10 kila moja huku zikishika chaneli mbili, zimeongeza dakika 400. Uhamisho peke yake umekula laini kuliko kazi yote ya mstari wa mbele.

Kuna njia nne za kutoka hapo. Nitazipanga kwa upendeleo wangu.

Ya kwanza ni kuwaingiza wale watu 8 wa madai kwenye mfumo wenu wa foleni kama wahudumu wengine, hata kama wamekaa ofisi nyingine. Mifumo mingi ya leo inamruhusu mhudumu kupokea simu kwa kompyuta na intaneti tu. Uhamisho ukibaki ndani ya mfumo mmoja, mteja anashika chaneli ile ile moja aliyoingilia, taarifa zake zinamfuata, namba yake inaonekana, na ripoti inasoma safari yote kama tukio moja. Gharama yake ni leseni za watu 8 na mabadiliko ya mazoea kwa kitengo ambacho pengine kinapenda swichibodi yake. Jambo hilo la pili ndilo gumu zaidi, kwa sababu linahitaji mazungumzo kati ya wakuu wa vitengo, si waya.

Ya pili ni kuunganisha mifumo miwili moja kwa moja kwa njia ya mtandao wa data kati ya ofisi, ili simu ya madai isizunguke kwenye kampuni ya simu. Kwa kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo ndiyo ya kawaida, kila mazungumzo yanahitaji kama kilobiti 80 kwa sekunde kila upande, hivyo simu 10 ni kilobiti 800. Si nyingi, ila lazima zipewe kipaumbele kwenye ruta zisigombanie njia na mafaili. Angalieni pia ucheleweshaji: Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Kila mzunguko usio wa lazima unakula sehemu ya muda huo.

Ya tatu ni kuirudisha simu kwa kampuni ya simu ili iunganishe yenyewe. Katika SIP, itifaki inayotumika kuanzisha na kumaliza simu za intaneti, kuna ujumbe wa kazi hiyo unaoitwa REFER, ulioandikwa kwenye waraka wa viwango vya intaneti wa RFC 3515 wa mwaka 2003. Mfumo wenu unaiambia kampuni ya simu, "mpeleke mteja huyu kwenye namba hii." Kampuni inapiga yenyewe, inawaletea taarifa ya maendeleo, na ikifanikiwa ninyi mnakata upande wenu. Chaneli zenu zinabaki huru. Kwenye laini za zamani za kidijitali za ISDN pia kulikuwa na namna ya kuiachia kampuni simu zote mbili, hivyo wazo lenyewe si geni.

Njia hii inavutia, na kwa kituo ambacho kazi yake ni kupokea na kugawa simu tu ndiyo ningeichagua. Lakini ukiiachia simu, umeiachia kweli. Kurekodi kwenu kunaishia hapo. Ripoti yenu inaishia hapo. Madai wasipopokea, mteja hawezi kurudi kwenu peke yake. Kampuni nyingi haziipokei REFER mpaka muiombe, na zinazoipokea huenda zikawatoza simu ya pili kana kwamba mmeipiga ninyi, kwa hiyo ulizeni kabla. Na kuna kasoro ya mipangilio ninayoomba muiangalie kwa macho yenu: mfumo unaokata mara tu kampuni ya simu inapojibu "nimekubali ombi". Kukubali ombi si kuunganisha. Mfumo ungoje taarifa ya pili, ile inayosema upande wa pili umepokea, ndipo ukate. La sivyo, kila madai wanapokuwa na shughuli, mteja anaachwa hewani.

Ya nne ni kuongeza chaneli. Ina mahali pake, kwa mfano kama kurekodi mazungumzo yote mpaka mwisho ni sharti la kazi yenu na mifumo haiwezi kuunganishwa. Hapo mzigo wa chaneli mbili kwa kila uhamisho unaubeba kwa kujua, na unaununulia chaneli za kuutosha.

Sasa ile nusu dakika. Nimefurahi umeutaja muda, kwa sababu muda wa kukatika ni ushahidi.

Simu ya SIP inaanza kwa ujumbe wa aina tatu. Anayepiga anatuma INVITE, yaani ombi la kuongea. Anayepokea akinyanyua simu, anajibu 200 OK. Anayepiga anathibitisha kwa ACK, kwamba jibu limemfikia. Ujumbe huu wa tatu ukipotea njiani, watu wawili wanaendelea kusikilizana vizuri tu, kwa kuwa sauti inapita njia yake. Ila mashine iliyopokea bado inangoja ACK, na inarudia kutuma 200 OK. Waraka mkuu wa SIP, RFC 3261 wa mwaka 2002, unaipa subira ya mara 64 ya nusu sekunde, yaani sekunde 32. Zikiisha, mashine inakata. Mteja anasikia mazungumzo yamekatwa katikati ya sentensi na anaamini amekatiwa kwa makusudi.

Kwa nini ACK ipotee? Mara nyingi swichibodi inapojibu huandika anwani ya kurudishia majibu ambayo ni ya ndani ya ofisi, zile zinazoanza na 192.168 au 10, ambazo kutoka nje hazifikiki. ACK inatumwa huko na haifiki. Wakati mwingine ruta ya ofisi ina kipengele cha "kusaidia" SIP kinachobadilisha anwani ndani ya ujumbe na kuziharibu. Kukizima kipengele hicho ni jambo la dakika chache, na mafundi wengi wa simu huanza na hilo.

Jaribio dogo la kutenganisha chanzo ni hili: pigeni namba ya kitengo cha madai moja kwa moja kwa simu ya kawaida ya nje, mara kadhaa, bila kupitia kwa mhudumu, na muongee zaidi ya dakika moja. Zikikatika kwenye sekunde ile ile, kosa liko upande wa madai na uhamisho unasingiziwa. Zisipokatika, tazameni kinachotokea wakati wa kuunganisha. Mfumo ukizishikanisha simu mbili, mara nyingi unatuma INVITE nyingine ndani ya simu inayoendelea ili kubadilisha sauti inakopelekwa, na hiyo nayo inadai ACK yake chini ya sheria ile ile ya sekunde 32.

Nikiwa hapo hapo: simu zinazokatika kwenye dakika ya 15 au ya 30 zina chanzo kingine, saa ya kuhuisha simu, yaani ya kuhakikisha simu bado iko hai, ambayo kwa chaguo la kawaida ni sekunde 1,800 na huhuishwa ikifika nusu. Zinazounganishwa zikawa kimya upande mmoja ni suala la anwani za sauti au kodeki zisizolingana. Zisichanganywe zote chini ya jina la "simu zinakatika". Kila muda una mshitakiwa wake.

Tuje kwenye namba ya akaunti inayoulizwa mara mbili. Hii inamchosha mteja kuliko kusubiri kwenyewe, na nakubaliana naye. Taarifa alizompa mhudumu wako zimehifadhiwa chini ya utambulisho wa simu ya kwanza. Simu ya pili ina utambulisho mpya, na swichibodi ya madai haijawahi kuusikia ule wa kwanza. Ni kama mgonjwa aliyehamishiwa chumba kingine huku faili lake likibaki chumba cha awali: faili lipo salama, ila hakuna aliyelibeba.

La kulibeba ni lazima lipangwe. Ndani ya mfumo mmoja hutokea lenyewe, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kupendelea ile njia ya kwanza. Kati ya mifumo miwili, SIP ina nafasi ya kupachika maneno machache kwenye ujumbe wa kupiga simu, iliyopangwa katika RFC 7433 ya mwaka 2015. Msiweke humo jina la mteja, wala salio, wala namba ya kadi, kwa sababu ujumbe huo unapita kwenye mashine za watu wengi na kuandikwa kwenye kumbukumbu zao. Wekeni namba ya rejea tu, kisha skrini ya madai iitumie kuchukua maelezo kwenye kanzidata yenu. Na kampuni ya simu ikiwa inafuta nafasi hiyo njiani, jambo la kawaida sana, kuna njia ya zamani inayofanya kazi bado. Tengeni namba kadhaa za madai kwa ajili ya uhamisho peke yake. Mfumo wenu unachagua iliyo huru, unaandika kwenye kanzidata kwamba namba hii kwa sasa ni ya mteja fulani, kisha unaipiga. Upande wa pili unaangalia ni namba ipi imepigwa, unasoma nani yuko nyuma yake, na namba inarudi kuwa huru. Sauti ya mteja na taarifa zake zinakutana kwenye skrini bila kupitia njia moja.

Ile namba ya kampuni inayoonekana badala ya namba ya mteja ni matokeo ya jambo lile lile: simu ya pili imepigwa na ninyi, kwa hiyo ina namba yenu. Mnaweza kuiomba kampuni ya simu iwaruhusu kupitisha namba ya mteja, lakini zipo zinazokataa namba isiyo yenu ili kuzuia matapeli, na katazo hilo lina maana. Mkishatengeneza njia ya namba ya rejea, namba ya mteja itaonekana kwenye skrini kutoka kwenye kanzidata, na hamtahitaji kubishana na mtu.

Foleni nayo inamhesabu mteja kuanzia simu ya pili ilipofika. Kwake amesubiri dakika 12, lakini kwa foleni ya madai amefika sasa hivi. Mifumo mingi inaruhusu simu iliyohamishwa ipewe kipaumbele, au ipelekwe ikiwa na saa ya kuwasili ya mwanzo. Ningechagua saa ya mwanzo. Kipaumbele cha jumla kina ubaya wake: waliopiga madai moja kwa moja watasukumwa nyuma na kila anayehamishwa, na wahamishwaji wakiwa wengi, kuwa wa kwanza hakuna maana tena. Ukiona sehemu kubwa ya simu zako zinaishia madai, turudi kwenye menyu ya sauti inayompokea mteja. Pengine haimpi nafasi ya kusema mapema kwamba amekuja kwa ajili ya madai. Uhamisho ambao haukulazimika kufanyika kabisa ndio wa bei nafuu kuliko wote.

Mafunzo basi yana nafasi gani? Ndogo, lakini ipo, na iko kwenye uchaguzi wa aina mbili za kuhamisha. Ya moja kwa moja: mhudumu anaiachia simu bila kuongea na mwenzake. Ya kuulizia kwanza: anamsubirisha mteja, anaongea na mwenzake, anamweleza shida, kisha anawaunganisha. Watu wema huchagua ya pili kila mara, wakidhani ndiyo adabu. Kwenda kwa mtu maalumu, hasa mteja akiwa na hasira au jambo lake ni tata, ni sahihi. Kwenda kwenye foleni ni hasara tupu: mhudumu amekwama anasikiliza muziki wa foleni, mteja amekwama anasikiliza muziki mwingine, na hakuna mteja mpya anayepokelewa. Kanuni ninayoiamini ni kwamba foleni ihamishiwe moja kwa moja, mtu aulizwe kwanza. Na anapohamishiwa mtu, wekeni muda wa mlio ambao ukipita simu inarudi kwenye foleni. Mteja asiishie kwenye kinasa sauti cha mtu aliyeko likizo.

Msomeni mhudumu kwa haki kwenye ripoti pia. Uhamisho unaovuka mifumo miwili huhesabiwa kama simu mbili: wa kwanza anaonekana "amemaliza" haraka, wa pili anaonekana amepokea simu ndefu bila sababu. Kabla ya kumwita mtu ofisini kwa takwimu hizo, unganisha vipande kwa ile namba ya rejea.

Sehemu ya haya mnaweza kuyafanya wenyewe: jaribio la kupiga moja kwa moja, kuhesabu chaneli badala ya vichwa, kukubaliana aina ya uhamisho, kupanga muda wa mlio. Mwiteni mtaalamu aje mahali mlipo inapofika kugusa anwani za swichibodi, kifaa cha mpakani (kinachokaa kati ya mfumo wenu na mtandao wa nje) au fayawoli. Hapo kukisia kuna hatari, maana mlango wa SIP ulioachwa wazi kwa intaneti yote hugunduliwa na wezi wa simu, wakapiga namba za nje za bei kubwa usiku kucha kwa jina lenu. Mwiteni pia kama wateja wanataja namba za kadi za benki kwenye simu hizo, kwa sababu ile namba fupi ya usalama iliyochapishwa kwenye kadi hairuhusiwi kubaki kwenye rekodi baada ya malipo kuidhinishwa, na uhamisho unaweza kuwasha tena kurekodi kulikokuwa kumesimamishwa.

Akija, msimpokee kwa maneno "simu zinakatika". Mpeni simu tatu au nne zilizokatika na mbili zilizokwenda vizuri, kila moja na tarehe, saa mpaka sekunde, namba ya mteja, jina la mhudumu aliyehamisha na aliyepokea, na ilidumu sekunde ngapi baada ya kupokelewa. Mwombeni anase ujumbe wa SIP pande zote mbili za mfumo wenu kwa wakati mmoja, na awaonyeshe kwenye skrini ACK ilipoishia. Fundi atakayependekeza kununua chaneli bila kuwaonyesha hilo, mwambieni arudi akishalipata.